Mwaka mtaani kabla ya chuo: lini unamfaa kijana wa Tabora

Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, kwa kawaida mwezi Julai, maduka ya stesheneri ya Tabora mjini hufurika. Vijana wanaskani vyeti, wanachapa fomu, wanalipia maombi kwa simu, na nyuma ya kila mmoja yupo mjomba au baba mdogo anayepiga simu kusisitiza jambo lilelile: omba popote, mradi usikae mtaani. Kauli hiyo inatoka kwenye upendo na hofu ya kweli, maana kila ukoo una kijana aliyesema atakaa mwaka mmoja na hadi leo bado amekaa. Hata hivyo ndiyo inayowasukuma wengi kwenye kozi wasizowahi kuziwaza, kisa nafasi ilikuwa wazi. Wapo vijana ambao mwaka mmoja kati ya shule na chuo ungewafaa kuliko mwaka wa kwanza wa chuo ulioanzwa kwa kubahatisha. Utawafaa ukipangwa mapema, na kwa mkoa wetu mpango huo una mitego ambayo mzazi na kijana wanapaswa kuijua kabla Julai haijafika.

Kwanza tutenganishe mwaka wa kuchagua na mwaka wa kukwama. Binti aliyeshindwa kuomba mkopo kwa sababu jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha kidato cha nne hajachukua mapumziko yoyote. Amekwama, na dawa yake ni nyingine. Mijadala mingi huwachanganya hawa wawili, na hata takwimu za nje hupotosha kwa sababu hiyohiyo. Marekani, Robert Clagett, aliyewahi kuwa mkuu wa udahili wa chuo cha Middlebury, alifuatilia wanafunzi waliochukua mwaka kabla ya kuanza masomo akaona wanapata alama za juu kuliko zile ambazo rekodi zao za sekondari zilitabiri. Australia, Andrew Martin wa Chuo Kikuu cha Sydney alichapisha mwaka 2010 utafiti ulioonyesha kwamba wanaopanga kuchukua mwaka huo mara nyingi ni wale ambao ari yao ya masomo ilikuwa chini sekondari, na kwamba walioupitia walikuwa na ari nzuri zaidi chuoni. Wakati huohuo, takwimu za jumla za Marekani zinaonyesha kuwa wanaochelewa kuingia chuo humaliza shahada kwa uwiano mdogo kuliko wanaounganisha moja kwa moja kutoka sekondari. Matokeo haya hayapingani. Wale wa Middlebury wengi ni watoto wa familia zenye uwezo, nafasi zao zimeshikiliwa na chuo, tarehe ya kurudi inajulikana. Wale wa takwimu za jumla ni pamoja na waliokosa ada, walioingia kazini mapema, waliopata watoto. Kijana wa Urambo au Sikonge asiyepangiwa chochote anaangukia kundi la pili, hata kama mwenyewe anajihesabu yuko mapumzikoni.

Nchi yetu iliwahi kulijaribu jambo hili kwa amri, na somo lake linatuhusu kuliko tafiti za Sydney. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio ambalo wengi hulikumbuka kwa ajili ya elimu ya msingi kwa wote. Azimio hilohilo lilifuta utaratibu wa kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mhitimu alitakiwa apite Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, kwa utekelezaji wake takriban miaka miwili, ndipo aombe chuo akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Shabaha ilikuwa njema: msomi aijue kazi, awajue na watu, kabla hajapewa nafasi inayolipiwa na jasho la wakulima. Lakini idadi ya wasichana waliofika chuo ilishuka upesi, kwa kuwa muda wote huo wa kusubiri ulitosha mtu kuolewa na kuzaa, na baada ya miaka michache sharti likalegezwa kwao. Fani za sayansi na uhandisi nazo zikaondolewa sharti. Mwanafunzi aliyeacha hesabu kwa miaka mitatu harudi pale alipoishia.

Azimio lile linatuachia mambo ya kushika. Muda uwe mfupi, mwaka mmoja na usizidi. Masomo ya hesabu na sayansi yasiachwe hata wiki. Msichana awe na ulinzi uliopangwa, si wa kudhaniwa. Na hatima ya kijana isiwekwe mikononi mwa mtu mmoja, awe mwajiri, mfadhili au ndugu wa mjini aliyeahidi kazi.

Kipande kimoja cha enzi hizo kimerudi. JKT kwa mujibu wa sheria ilisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013, na sasa wahitimu wa kidato cha sita huitwa mara tu baada ya mitihani ya Mei kwa mafunzo ya takriban miezi mitatu. Kwa Tabora kambi ni Msange. Kwa jirani zetu wa Kigoma zipo Bulombora, Kanembwa na Mtabila, ingawa kijana anaweza kupangiwa mkoa wowote. Kwa hiyo kati ya mtihani na kufunguliwa kwa vyuo mwezi Oktoba au Novemba, muda wa kijana kukaa chini na kufikiri anasomea nini ni wiki chache tu, na wiki zenyewe ndizo za pilikapilika za maombi. Hii ndiyo sababu ya kwanza inayofanya mwaka wa ziada uwe na maana hapa kwetu: utaratibu ulivyo haumpi mtoto nafasi ya kuchagua kwa utulivu.

Na umri unashuka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba. Kundi hilo likifika kidato cha sita, wahitimu watakuwa wadogo kwa mwaka mzima kuliko wa sasa. Mzazi anayeona mwanawe wa miaka 19 bado mchanga kwa maisha ya Dar es Salaam au Mwanza ajiandae kumwona wa 18.

Sasa mtego mkubwa, nao ni makaratasi. Dirisha la maombi ya mkopo ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, na yale ya udahili wa vyuo vikuu hufunguliwa kati ya Juni na Septemba, miezi ambayo sehemu yake kijana yuko kambini. Wengi wanaosema wamechukua mwaka wa mapumziko, ukiwauliza vizuri, utakuta waliangushwa na karatasi moja. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Aliyezaliwa kijijini na hakusajiliwa anaanzia mbali zaidi: anaomba usajili katika ofisi ya mkuu wa wilaya akiwa na ushahidi kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha kumaliza shule ya msingi, pamoja na kitambulisho cha mzazi. Kazi hiyo inaweza kula wiki kadhaa. Yatima ana mzigo mara mbili, kwa sababu cheti cha kifo cha mzazi nacho kinahakikiwa. Na kama msiba ulikuwa Kaliua ndani huko na hakuna aliyekwenda kusajili kifo, hakuna cheti cha kuhakiki. Fomu yenyewe inataka mdhamini mwenye kitambulisho, saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na uthibitisho wa wakili au hakimu. Mwenyekiti wa kijiji akiwa safarini wiki moja, dirisha linaweza kufungwa.

Majina ndiyo yanayoumiza zaidi. Mtoto aliandikishwa darasa la kwanza kwa jina la babu, kidato cha kwanza likaongezwa jina la ubatizo, cheti cha kuzaliwa kikakatwa baadaye kwa jina la baba. Tofauti ndogo, kama herufi moja, inaweza kumalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Tofauti ya jina zima inahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo haipatikani ndani ya wiki moja. Kazi yote hii ifanyike kijana akiwa kidato cha tano au likizo ya Desemba ya kidato cha sita. Kama imechelewa na mkopo umekosekana, basi mwaka unaofuata uwe na jukumu la kwanza: kumaliza karatasi hizo kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu, nakala zote ziwe kwenye bahasha moja kwa mtu mmoja anayeaminika, na picha zake ziwe kwenye simu mbili.

Hofu moja tuiondoe. Wazazi wengi wanaamini kwamba mtoto asipoomba mkopo mwaka aliomaliza shule, haki yake imekufa. Miongozo ya HESLB ya miaka ya karibuni imekuwa ikimpokea mwombaji aliyehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano, asiyezidi umri wa miaka 35. Mwaka mmoja haumwondoi mtu. Mwongozo hutolewa upya kila mwaka, hivyo asome ule wa mwaka anaoombea, asitegemee wa kaka yake.

Kinachokufa ni nafasi ya udahili. Uingereza mwombaji anaweza kuomba kupitia UCAS, mfumo wao wa pamoja wa udahili, nafasi ya kuanza mwaka unaofuata, chuo kikamshikia. Kwetu maombi ni ya mwaka husika wa masomo. Mwenye nia ya kukaa mwaka asithibitishe nafasi asiyokusudia kuitumia. Atajichanganyia rekodi na atamzibia mwenzake. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na vyuo vyetu vingefanya jambo la maana sana kama vingemruhusu mwombaji mwenye sifa kuahirisha kuanza kwa mwaka mmoja kwa maandishi, akieleza anakwenda kufanya nini. Familia ya mkulima inaogopa mwaka wa katikati hasa kwa kuwa hakuna barua inayosema mtoto atarudi lini na wapi.

Nani basi auchukue? Tuangalie mfano mmoja kwa karibu. Kijana wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) amepata C ya biolojia, D ya kemia na E ya fizikia. Kwa hesabu za sasa A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, hivyo ana pointi 6. Kiwango cha jumla cha kuingia shahada ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye alama kati ya A na E, zenye jumla ya pointi 4, maana yake sifa ya kuingia chuo kikuu anayo. Alitaka udaktari, na kwa fizikia ya E na ushindani uliopo hapati. Baba mdogo anamwambia aombe chochote chenye biolojia. Ana njia tatu: aombe kozi nyingine anayoipenda kweli, aingie stashahada ya afya kisha apande, au arudie fizikia na kemia. Njia ya tatu inahitaji mwaka, na ni halali kabisa kwa mtoto ambaye alama zake zilishushwa na ugonjwa au shule kukosa mwalimu wa fizikia kwa mihula kadhaa, jambo la kawaida katika shule zetu. Kwa aliyefundishwa vizuri, akasoma kwa bidii na bado akapata E, kurudia ni kununua maumivu yaleyale, na anayempenda amwambie hivyo.

Anayerudia aamue haraka. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha sita kwa kawaida hufunguliwa Julai na kufungwa mwisho wa Septemba, baada ya hapo ni kwa faini na kwa muda mfupi. Anakwenda kwenye kituo cha mtihani, anapewa namba rejea, anajaza taarifa mtandaoni na kulipa kwa namba ya malipo. Kosa linalojirudia ni kuchagua kituo kwa ukaribu. Masomo ya sayansi yana mtihani wa vitendo, na kituo kisicho na maabara inayofanya kazi kitamwacha mtoto akiikumbuka titresheni kwa picha za kitabuni. Aulize: nitaruhusiwa kuingia maabara lini, mara ngapi, nani atasimamia, kemikali nachangia kiasi gani. Aulize pia chuo anachokitaka kama kinapokea matokeo yaliyounganishwa ya vikao viwili vya mtihani, maana kuongeza alama zisizohesabika ni hasara ya mwaka mzima.

Wa pili anayefaa ni yule ambaye hajui anataka nini na ana ujasiri wa kulikiri hilo. Huyu mwaka wake uwe wa kuziona kazi kwa macho. Anayefikiria ualimu aandike barua kwa mkuu wa sekondari ya kata, nakala kwa mtendaji wa kata, aombe kujitolea kufundisha hesabu au sayansi kidato cha kwanza na cha pili. Shule nyingi za vijijini zina walimu wa kujitolea wanaolipwa posho ndogo kutoka michango ya wazazi, kwa hiyo mazungumzo ya posho, nauli na chakula yafanyike mwanzoni na yaandikwe. Vipindi 12 kwa wiki vinatosha; vikizidi hapo hana muda wa kuandaa somo wala kusoma mambo yake. Mwalimu mwenye taaluma aingie darasani kwake angalau mara moja kwa wiki, amkosoe. Baada ya muhula mmoja atajua kama kelele za watoto 80 zinamchosha au zinampa uhai, na kujua hilo kabla ya shahada ya ualimu ya miaka mitatu ni faida isiyopatikana kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili. Anayetaka afya asitarajie kugusa mgonjwa hospitali ya Kitete wala kwenye zahanati, na asikubali akiombwa, kwa sababu hana leseni na madhara yakitokea ni ya mgonjwa. Aombe kusaidia mapokezi na kumbukumbu, au kuwafuata wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapopita kaya kwa kaya. Ataona kazi ilivyo.

Wa tatu ni mwenye nafasi, mwenye kozi, lakini asiye na hata nauli. Huyu anahitaji kazi ya fedha, na hapa Tabora fedha ya kijana inatajwa kwa majina mawili: tumbaku na asali. Yote mawili yanahitaji tahadhari.

Tumbaku ina kalenda isiyomjali mwanafunzi. Vitalu huanza karibu na Septemba, kupandikiza ni mvua zinapoanza, kuvuna na kukausha kwenye mabani ni kuanzia Januari hadi karibu Aprili, kisha kupanga madaraja na masoko. Kibarua wa msimu mara nyingi hulipwa baada ya mauzo, akikatwa chakula na kila alichokopa njiani. Aliyetoka JKT mwezi wa tisa akaingia shambani anaweza kushika fedha yake Juni au Julai ya mwaka unaofuata, na iwapo kampuni imechelewa kumlipa mkulima, yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni. Makubaliano yawe ya maandishi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na sehemu ilipwe kila mwezi. Kuna jambo la afya pia. Jani bichi lenye umande au mvua hutoa nikotini inayopenya kwenye ngozi. Mvunaji anapata kichefuchefu, kizunguzungu, anatapika, na wengi hudhani ni malaria. Avune majani yakiwa makavu, avae mikono mirefu, abadili nguo zikilowa. Aliye chini ya miaka 18 asiingie kabisa kwenye kazi hii. Sheria zetu zinakataza kazi hatarishi kwa umri huo, na wahitimu wengi wa kidato cha nne bado hawajaufikia.

Asali inapendwa na washauri wa vijana kwa sababu misitu ya miombo ipo, soko lipo na chuo cha ufugaji nyuki kipo hapahapa Tabora. Ninaiunga mkono kama kazi ya maisha. Kama mradi wa mwaka mmoja, hesabu yake haikai vizuri. Mzinga mpya wa viunzi unawekwa, unapakwa nta chini ya viunzi ili uvutie kundi, kisha unasubiri. Nyuki wanaweza kuingia baada ya wiki mbili au baada ya miezi kadhaa, au wasiingie kabisa msimu huo. Kiunzi kina upana wa milimita 32 kwa nyuki wetu, na fundi anayekata kwa macho akazidisha hufanya masega yajengwe yakikatisha kiunzi kimoja hadi kingine. Siku ya kurina ukivuta kiunzi kimoja unararua masega matatu, watoto wa nyuki na asali vinachanganyika, kundi linahama. Mizinga iliyotundikwa vibaya huangushwa na nyegere usiku mmoja. Asali iliyorinwa kabla masega hayajazibwa ina maji mengi na huchachuka ndani ya ndoo. Kijana atakayepoteza mtaji wa mizinga kumi mwaka ule ule anaotafuta nauli ya chuo ameumizwa na ushauri. Bora aajiriwe kumsaidia mfugaji mwenye mizinga ambayo tayari ina nyuki, alipwe kwa siku au kwa ndoo, ajifunze. Mizinga yake iwe miwili tu, ya mazoezi, atakayoikuta akirudi likizo.

Kazi za mjini zina mshahara mdogo lakini wa kila wiki au mwezi: duka la vifaa, stesheneri, ghala la nafaka, saluni, kusimamia wakala wa fedha kwa mwenye laini. Uzuri wake ni kwamba zinaruhusu kuweka akiba kwa ratiba. Akiweka shilingi 15,000 kwa wiki, kwa wiki 40 ana shilingi 600,000. Kiasi hicho hakilipi ada, ila kina kazi mahususi: nauli, godoro, michango ya usajili, na chakula cha wiki za mwanzo kabla bumu, yaani posho ya mkopo, halijaingia. Posho ya chakula na malazi ya mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini mwaka wa kwanza huweza kuchelewa kutoka, na wiki hizo ndizo zinazomfanya mtoto wa kijijini aazime kwa riba au aanze kukosa vipindi. Akiba isikae kwenye laini ya simu ambayo kila mtu nyumbani anajua ina nini. Mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya vijana isichukuliwe na mtu anayeondoka Oktoba. Marejesho yatabaki shingoni mwa wenzake.

Kwa wote watatu, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina kozi fupi za wiki kadhaa hadi miezi michache, kuanzia kompyuta na udereva hadi umeme wa majumbani na ushonaji. Moja inatosha. Kompyuta ndiyo inayolipa mapema zaidi chuoni, maana kazi za darasani huwasilishwa zikiwa zimechapwa na kila ukurasa wa kuchapiwa dukani una bei yake.

Kuhusu wasichana, sisemi kwa kuzungukazunguka. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulionyesha kwamba mkoani Tabora takriban asilimia 58 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha 18. Mhitimu wa kidato cha sita ameshavuka umri huo, lakini anarudi katika jamii ambayo inamwona amechelewa. Barua za posa huanza kuja mwezi wa pili tangu arudi. Kazi za nyumbani humwangukia yeye hata kama kaka yake naye yupo nyumbani. Na mwaka wa kujipanga unageuka mwaka wa kulea watoto wa dada. Msichana achukue mwaka huu pale tu ambapo kuna kazi au masomo yenye ratiba ya nje ya nyumba, akiba iko kwa jina lake, na yupo mtu mzima mmoja, shangazi, mwalimu wa zamani au mama mwenyewe, aliyesema wazi mbele ya ukoo kwamba huyu anaondoka Oktoba ijayo. Kama mtu huyo hayupo, aende chuo mwaka huohuo hata kwa kozi iliyo chaguo la pili. Kozi hubadilishwa kirahisi kuliko ndoa.

Kidato cha nne niligusie kwa ufupi, maana wao mapumziko wanayo bila kuyaomba. Mtihani ni Novemba, matokeo Januari, kidato cha tano huanza Julai: miezi minane. Hakuna haja ya kuongeza mwaka. Kitu cha kulinda hapo ni uchaguzi wa tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita, ambazo tangu 2024 zimefikia 65 na walimu wengi bado wanazielezea zile za zamani tu. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, hufungua mfumo wa kubadili machaguo kwa muda mfupi baada ya matokeo. Aliyepo shambani bila mtandao hupitwa.

Mwaka ukishaanza, uwekwe tarehe tatu za ukaguzi na zikae ukutani. Mwisho wa Septemba: usajili wa kurudia umekamilika, au kazi imepatikana. Mwisho wa Januari: akiba imefika nusu, kozi imechaguliwa, mtoto ameongea ana kwa ana na watu wawili wanaofanya kazi anayoitaka. Mwisho wa Machi: karatasi za mkopo zote zimehakikiwa. Tarehe ya Januari ndiyo nzito. Ikifika na hakuna kazi, hakuna masomo, kijana analala hadi saa nne, mpango umevunjika, na hakuna aibu kukubali hivyo. Baadhi ya vyuo vya kati hupokea wanafunzi mkupuo wa Machi kwa ngazi ya cheti na stashahada, na mhitimu wa kidato cha sita mwenye prinsipo moja na sabsidiari moja (ufaulu ulio chini ya prinsipo) ana sifa ya jumla ya stashahada kwa kozi nyingi. Aulize mapema vyuo vya hapa mkoani, Chuo cha Ardhi na Chuo cha Utumishi wa Umma vikiwemo, kama mkupuo huo upo mwaka huo na kwa kozi zipi, aombe, aingie darasani Machi.